Nani Alikula Mbuzi wa Mama Yangu

Nimestaafu. Cheka kwanza, Mbithe, halafu usome. Najua kustaafu ni kwa watu wenye mvi, wanaofanyiwa sherehe na kupewa blanketi. Mimi nimestaafu na mtoto mgongoni anayeota meno, na hakuna aliyenipa hata leso. Lakini ile kazi ya saiba hapo mjini Tawa nimeimaliza, sirudi, na kiti changu sasa umekikalia wewe. Hujaniuliza kitu. Nakuandikia hivyo hivyo, kwa sababu kesho mtu ataingia hapo na karatasi iliyokunjwa mfukoni, akwambie, "Chapa hii haraka, tunazika Ijumaa," na wewe utachapa.

Kwa mwingine atakayesoma hii na hajui kazi yetu: saiba yetu iko nyuma ya soko. Tunapiga fotokopi, tunajazia watu fomu za serikali, lakini kazi hasa ni programu za mazishi. Picha ya marehemu mbele, nyimbo nyuma, na katikati historia yake: alizaliwa na nani, alioa au kuolewa na nani, aliacha nani. Watu wanafikiri hiyo ni karatasi ya kujipepea jua likiwa kali. Sivyo. Ukiachwa nje ya hiyo karatasi, umeachwa nje ya boma.

Sikuanza kazi hii saiba. Niliianza kwenye gunia, nikiwa nimekaa chini na Susu, bibi yangu Kavinya, tukibambua mbaazi. Susu hakuwa mtu wa kunyamaza mikono ikifanya kazi. Aliniambia juu ya babu yake aliyevuka mto Athi akitoka upande wa Kitui, amebeba mzinga kichwani na nyuki wakiwa ndani, kwa sababu alikuwa amegombana na ndugu zake na hakutaka kuwaachia hata asali. Mimi nauliza, huyo alizaliwa na nani? Susu anajibu. Na huyo naye? Anajibu. Na huyo?

"Ndinda, utanimaliza pumzi," anasema. "Bambua."

Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: Susu, mama yangu Mwende, na mimi. Shuleni niliambiwa baba yangu ni mwanamke. Nilipigana, nikachapwa na mwalimu, nikarudi nyumbani na swali. Mama alitoka nje kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Susu ndiye alinijibu.

"Bwana yangu alikufa kabla sijapata mtoto," alisema. "Wakwe walikuwa wanahesabu siku niondoke. Nikakataa. Nikaoa. Nilitafuta msichana mzuri Migwani, nikapeleka ntheo, mbuzi wa mahari, kama mwanamume yeyote, nikamleta hapa aizalie nyumba hii. Mama yako ni iweto wangu, mke niliyemwolea nyumba hii, na watoto wake ni wajukuu zangu. Wewe ni wa nyumba hii."

"Na baba yangu?"

"Huyo alipita. Nyumba haikupita."

Sikuuliza tena. Hii ni desturi ya Ukambani ya zamani, wengi wanaijua na wachache wanaitaja, hasa wakiwa wamevaa nguo za kanisa. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuuliza kila mtu ukoo wake. Watoto wengine walikuwa na wajomba, shangazi, binamu wa kujaza lori. Mimi nilikuwa na hadithi. Nilizishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani.

Mama alikufa nikiwa kidato cha tatu. Hatukuchapa programu. Mchungaji alisoma jina lake, akasema alikuwa mchapakazi, akaendelea na mahubiri. Nilikaa pale nikijiambia, mtu ameishi, amezaa, amepalilia shamba hili miaka yote, na ameisha kwa sentensi moja. Nilikasirika. Bado nimekasirika, kama hujaona.

Nilipomaliza shule niliingia saiba kwa Mama Syombua. Unamjua: miwani imefungwa kwa uzi, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alinipa kiti kile chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, akaniambia niwahudumie vijana wawili waliofiwa na baba. Nikauliza kwa heshima zote, "Marehemu alikuwa na wake wangapi?" Mmoja akasema mmoja. Mwingine akasema wawili. Wakaanza kusukumana, printa ikaanguka.

Mama Syombua aliokota printa, akaipuliza vumbi, akanivuta kando.

"Wewe msichana. Hapa hatuulizi nani ni mke. Kila mtu atakwambia mama yake. Uliza nani alikula ntheo."

Aliyeelewa ameelewa, lakini wewe Mbithe ulikaa Nairobi, nitakueleza. Mbuzi wa ntheo wanapelekwa kwa wazazi wa msichana. Watatu. Wakipokelewa na mmoja akachinjwa akaliwa, huyo msichana ameolewa. Wasipoenda, hata mkae pamoja mzae timu ya mpira, wazee watasema huyo ni mgeni. Na mbuzi haliwi na mtu mmoja. Kuna aliyempeleka, aliyemchinja, aliyechemsha maji, aliyenyimwa figo akanuna mpaka leo. Hao ndio mashahidi wako. Mke anaweza kusahaulika. Figo haisahauliki.

Funzo la pili alinipa mbele ya mteja. Aliingia mzee mmoja, ndugu yake amekufa, na hakutaka kabisa kumtaja mke wa kwanza aliyeachwa zamani. Nilimwuliza kila namna. Mama Syombua akasema kutoka kule kwenye fotokopi, bila kugeuka, "Ndinda, andika tu alikuwa mwanamke wa kutoka Kambu, wa barabarani."

"Kambu?" mzee akaruka. "Nani amesema Kambu? Yule alikuwa binti wa watu, wa Mbooni! Baba yake alikuwa na ng'ombe! Tulienda kumchukua mimi mwenyewe nikiwa mbele!"

"Aa, kumbe," akasema Mama Syombua. "Andika, Ndinda."

Baadaye aliniambia mtu anaweza kukataa kujibu mpaka jua litue, lakini ukisema vibaya jambo analolijua, hawezi kukaa nalo. Litamwasha. Atasahihisha. Nimetumia hiyo mbinu kuliko kompyuta. Ukitaka jina la mama wa mtu, taja lingine. Ukitaka kujua walitoka wapi, wahamishe uwapeleke kwingine.

Watu wakaanza kuja hata bila kufiwa. Vijana wanataka kuoana, wanaogopa wasije wakawa ukoo mmoja. Mwanamke amelelewa na shangazi, anataka kujua mama yake alizikwa wapi. Jumamosi nilitoka na chupa ya chai na mkate, nikaenda kukaa na wazee vijijini, nikisema makosa na kusahihishwa. Wakati mmoja mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, Hassan, alikuwa anangojea fotokopi ya kitambulisho. Nikamwuliza kwa mchezo kama anajua jina la babu wa babu yake. Akaanza kutaja, baba wa baba wa baba, hana haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Fotokopi ikaisha, akaendelea. Alipofika mwisho akaniuliza, "Na wewe dada, wako?"

Nikasema Ndinda wa Mwende wa Kavinya. Nikaishia hapo. Akanipa mkono kwa upole, kama anayetoa pole. Jioni hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na wivu mpaka tumboni.

Mtoto wangu alizaliwa mwaka jana. Baba yake yuko huko Kambu anauza matunda kwa magari yanayoenda Mombasa, na habari yake inaishia hapo. Nilimpa msichana jina la Susu: Kavinya. Susu akamshika, macho yake yalikuwa yameshaanza kuwa meupe, akamsalimia kama mtu mzima mwenzake. "Umekuja," akamwambia. "Basi mimi naweza kupumzika." Tulicheka. Ningejua alikuwa anasema kweli nisingecheka.

Alipumzika baada ya mvua fupi. Sasa ndiyo nafika mahali nilipotaka kufika.

Susu hajalala mochari hata wiki, Anko Mulwa anaingia saiba. Anko Mulwa ni mtoto wa ndugu wa marehemu bwana yake Susu, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, jirani yetu kwa ua. Shamba la Susu linaanza pale lake linapoishia. Amevaa koti. Ananipa karatasi kama hanijui. Nasoma: "Marehemu hakujaliwa watoto. Ameacha wana na mabinti wa ndugu."

"Anko," nikasema, "mama yangu hayuko hapa."

"Mama yako tulimzika vizuri."

"Sisemi kaburini. Nasema kwenye karatasi. Mimi na mtoto pia hatuko."

"Mko. Angalia chini."

Nikaangalia chini. Majirani na marafiki.

"Anko Mulwa, mama alipelekewa ntheo."

"Ntheo gani, msichana? Nani aliiona? Waliokula wote wamekufa. Na hii ni ibada ya kanisa, hatutaki aibu ya mwanamke kuoa mwanamke isomwe mbele ya mchungaji. Mama yako alikuwa anamsaidia Susu kazi. Sisi hatumkatai. Chapa."

Nikasimama. Nikamwambia sichapi. Mama Syombua alikuwa pale, amesikia yote, anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. Nikamwangalia. Yule aliyenifundisha kuuliza. Nikangoja aseme kitu, atumie ile sauti yake ya ng'ambo ya mto.

"Ndinda," akasema polepole, "kamati ndiyo wenye marehemu."

"Marehemu ni wangu."

"Najua, mwanangu. Toka nje upate hewa."

Nikatoka. Nikasikia kompyuta inawashwa. Alichapa mwenyewe, Mbithe, kwa vidole viwili, kwenye kiti changu. Hapo ndipo nilipostaafu. Sikuandika barua.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Migwani. Mama alikuwa na kaka huko, Mjomba Kimanzi, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye mazishi ya mama. Niliuliza njia kwenye duka moja, kisha jingine, nikifanya kazi ileile niliyowafanyia watu wengine miaka yote, sasa ni mimi ndiye mteja. Nilimkuta Mjomba anarekebisha ghala. Alinitambua kwa paji la uso. Tukaingia, mkewe akaleta uji, mtoto akapewa kijiko achezee.

"Mjomba, ulikula mbuzi wa mama?"

Hakuzunguka. "Nilikula. Sikatai."

"Basi njoo Ijumaa useme hivyo."

Akaangalia mlango. "Ndinda, mimi ni shemasi hapa. Nisimame mbele ya watu niseme dada yangu aliolewa na mwanamke? Nitamwambia nini mchungaji wangu? Nakuombea. Lakini kusimama, hapana."

Nilitaka kumwaga uji. Sikumwaga, ulikuwa mtamu na nilikuwa nanyonyesha.

Mkewe alinisindikiza mpaka njiani. Hatukuwa tumezungumza lolote, na mimi nilikuwa nimechoka kuuliza. Ni yeye alianza.

"Mimi nilikuwa bibi arusi mpya hapa siku ile ya ntheo ya mama yako. Mimi ndiye nilichemsha maji. Yule kijana aliyeleta mbuzi alinitia huruma, yule mrefu mwenye pengo. Mbuzi mmoja alikuwa amegoma mtoni, akambeba mabegani akavuka naye, akafika hapa shati limejaa kinyesi cha mbuzi. Nikamfulia. Alilala na shuka la mama mkwe likiwa limemfunika kama mwali." Akacheka kidogo. "Anaitwa Mulwa. Bado yuko hai?"

Nilisimama katikati ya njia. Nikamwambia yuko hai sana.

Yeye pia hakuweza kuja. Alinipa mayai.

Ijumaa tulizika. Hema, viti vya plastiki, kwaya, programu zikipepea. Nilikaa viti vya nyuma, mahali pa majirani, na mtoto mapajani. Emsii alisoma ile historia, na aliposoma "hakujaliwa watoto" watu kadhaa walinigeukia, kisha wakageuka upesi. Hakuna aliyesema kitu. Nataka ujue hivyo. Boma zima lilikuwa linajua mimi ni nani. Walikuwa wamekunywa uji wa mama yangu. Nimewahi kuwa peke yangu, lakini kuwa peke yako kati ya watu wanaokujua ni kitu kingine.

Kaburini emsii akaanza kuita watu waweke udongo. Wana na mabinti wa ndugu. Kwaya. Umoja wa akina mama. Majirani. Sikuinuka. Mwishoni akauliza, kama wanavyouliza wote, "Kuna mtu tumemsahau?"

Nikaenda mbele. Anko Mulwa alikuwa upande wa pili wa kaburi na koleo mkononi.

"Hamjasahau," nikasema. "Karatasi iko sawa. Mimi nilitaka tu kumshukuru Anko Mulwa. Susu aliniambia ni yeye alipeleka mbuzi wa mama Migwani. Wawili. Alisema mambo yalikuwa magumu, nyumba hii haikuweza kutoa watatu, na huko Migwani walisema basi, hao ni watu wa mbuzi wawili, tutafanya nini. Kwa hivyo ni kweli, mama hakuolewa. Asante, Anko."

Ntheo ya mbuzi wawili! Ni kama kusema ukoo ulienda kuoa umevaa nguo za ndani. Nikaona wazee wanaangaliana. Nikaona pengo la Anko Mulwa kabla sijasikia sauti yake.

"Watatu!" akasema. "Nani alisema wawili? Walikuwa watatu! Hatujawahi kupeleka mbuzi wawili mahali popote! Yule dume aligoma pale mtoni, nikambeba na haya mabega yangu, mpaka shati..."

Koleo lilikuwa limeinuka hewani, likashuka polepole.

Mzee mmoja nyuma akaguna, "Eee. Watatu." Mwanamke fulani akacheka, akajiziba mdomo kwa leso. Mchungaji akafungua Biblia mahali popote. Na Anko Mulwa akaangalia chini kaburini, kama anayengojea Susu amwambie kitu. Kisha akageuza koleo, akanielekezea mpini.

Emsii alikuwa na karatasi mkononi na karatasi haikumsaidia. Akakohoa. "Basi," akasema, "mjukuu wa marehemu aje aweke udongo."

Nimechapa wajukuu wengi. Wanaitwa wanakuja kama mafuriko, wanasukumana, wadogo wanabebwa. Siku hiyo aliitwa mmoja, na akaenda. Niliweka udongo wangu. Nikafungua kiganja cha Kavinya mdogo nikaweka wake, akataka kuula, nikautikisa ukaanguka.

Usifikiri baada ya hapo walinibeba juu. Walikula, wakafunga hema, wakaenda. Mama Syombua alikuja mpaka langoni akasimama, nikamwona, sikutoka. Siku moja labda nitatoka. Anko Mulwa hajanifukuza, na ng'ombe wake amewatoa kwenye shamba letu bila kuambiwa. Pia hajanisalimia. Wazee wakiuliza wanajibiwa walikuwa watatu, na hilo limekwisha, nyumba ya Kavinya ipo. Tupo ndani yake wawili, na mmoja bado hajui kuongea. Jioni ni ndefu.

Kwa hivyo Mbithe, kama utashika kitu kimoja kutoka kwa mtu aliyekuachia kiti kibovu, shika hiki. Akija mtu na karatasi imeandikwa hakujaliwa watoto, usichape. Ondoa mikono kwenye kompyuta. Muulize nani alichemsha maji. Akikataa kujibu, mwambie vibaya, kisha umsikilize. Na nenda kwa wazee wako mwenyewe kabla hujaenda kwa wa wengine, maana wengine hawatakuja kukutafutia.

Mimi nabambua mbaazi. Za mwaka huu ni nzuri. Kavinya anakaa kwenye gunia lilelile, anatafuna ganda, na mimi namwambia juu ya babu aliyevuka Athi na mzinga, na nyuki, na ndugu walionyimwa asali. Halafu namwambia juu ya bibi yake Mwende, msichana wa Migwani, aliyepelekewa ntheo. Mbuzi wawili, namwambia. Walikuwa wawili.

Ananiangalia tu. Namwambia tena kesho yake, wawili, na nangoja siku atakayonisahihisha.